Kaburi la Kivuva kule Buna

Kavata alikuwa bado tumboni mwa mamake wakati babake, Kivuva, alipoingia KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Baba aliyemjua ni yule wa masimulizi ya Mzee Mwangangi, jirani yao wa Kathonzweni, aliyekwenda vitani pamoja na Kivuva akarudi peke yake. Mwangangi alisimulia kwamba mwaka wa arobaini, Waitalia walipowafurusha kutoka visima vya Buna, Kivuva alipigwa risasi ya kifua akafa papo hapo, naye akamzika kwa mikono yake na kumpangia mawe.

Syombua, mamake Kavata, alirithiwa na shemeji yake, mtu wa pombe na ngumi. Kila alipopigwa alijifariji kwamba mume wake wa kweli alizikwa na rafiki. Kanisani hakukosa kumtaja Mwangangi katika maombi.

Mwaka wa 1979 Mwangangi alikuwa mzee, goti halikunjiki, macho yana ukungu. Akaanza kusema anataka kuiona Buna kabla hajafa. Wanawe wakamwambia atulie nyumbani. Kavata ndiye aliyefunika cherehani yake pale sokoni akasema atampeleka. Yeye alitaka kuliona kaburi.

Walifika Isiolo kwa basi, kisha wakapanda lori la Billow, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka sukari na unga kaskazini. Njiani Kavata alimshika mzee mkono kila waliposhuka, akamlowekea mkate kwenye chai kwa kuwa meno yalikuwa yamekwisha. Kadiri walivyosonga mbele ndivyo mzee alivyonyamaza. Walipofika Wajir akasema goti linamuuma, afadhali warudi. Kavata alidhani ni uchungu wa kumkumbuka rafiki, akambembeleza mpaka akakubali.

Kule Buna, Mwangangi alionyesha kidole mara hapa, mara pale. Mawe yalikuwa kila mahali. Billow akaona mama mkongwe akinywesha mbuzi kisimani, jina lake Qamar, aliyezaliwa na kuzeekea hapo hapo. Akamuuliza kwa Kisomali kama anajua kaburi la askari wa KAR. Mama yule akaeleza kwa kirefu. Alipomaliza, Billow akatafsiri.

Mama huyo alisema kaburi lipo. Askari huyo aliokotwa na mama yake Qamar siku ya pili baada ya vita, paja limevunjika kwa risasi. Walimficha kwenye kibanda chao Waitalia wasimwone. Aliishi mwezi mmoja na nusu, halafu mguu ukaoza ukamuua. Kila asubuhi aliomba alazwe akitazama njia ya Wajir, kwa sababu mwenzake alikuwa amemwambia angoje, anakwenda kuita watu wa kumbeba.

"Anasema mwenzake aliitwa Mwangangi," Billow akamalizia, bila kujua kwamba huyo ndiye mzee aliyesimama mbele yake.

Kavata akamgeukia mzee. Mwangangi alikuwa akiangalia kiatu chake.

"Niliamriwa nimbebe," akasema. "Nilikuwa na nguvu za kumbeba, mwana wa Kivuva. Niliogopa tu. Afisa aliponiuliza nikasema amekufa, nimemzika. Baada ya hapo sikuweza tena kusema yuko hai."

Qamar aliwaongoza nyuma ya boma, mahali walipomzika kama wanavyozika watu wao. Mwangangi akanyanyua mguu afuate.

"Wewe baki hapo," Kavata akamwambia.

Akamwacha amesimama juani bila mkono wa kushika. Kaburini hakulia. Alihesabu siku arobaini na kitu, asubuhi moja baada ya nyingine, babake akitazama njia.

 Njiani kurudi Kavata aliendelea kumlowekea mzee mkate, kwa kuwa mtu mwingine hakuwapo.

Nyumbani, Syombua alimkalisha chini kabla hata hajavua viatu. Alitaka kujua kama mawe yalikuwapo. Kavata akamtazama mamake, lile jicho lake lenye kovu la enzi za shemeji.

"Yapo, mwaitu," akasema. "Ni kama alivyosema mzee."

Syombua akalia kwa furaha. Kesho yake akakamata jogoo mkubwa kuliko wote, akamfunga miguu, akamtia kwenye kiondo pamoja na chupa ya asali, akamtuma Kavata ampelekee Mwangangi ahsante ya kumzika mumewe.

Kavata alienda. Mwangangi alikuwa nje kwenye kiti chake. Aliposikia jogoo ametoka kwa nani na kwa sababu gani, hakukataa. Akapokea.

Kavata akasimama pale, akingoja arudishiwe kiondo cha mamake.