Neema Ameniombea Shoga

Jamani, leo mwanangu kaniumbua katikati ya sala!

Mnajua likizo hii kaka zake wameenda Kolo kwa bibi yao. Neema ana selimundu, na baridi hii ya upepo ikimpata mifupa inamuuma hadi analia. Kolo ni mbali na hospitali, basi tumebaki Nzuguni mimi na yeye.

Leo jumuiya yetu ya kanisa imesali kwetu. Kila mara akina mama humwombea Neema. Leo akawahi yeye kunyoosha mkono.

"Tumwombee mama apate shoga. Siku hizi habari za kanisani anamsimulia kuku."

Macho yote kwangu!

Kisha wote wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Hata mimi niliitikia, ningefanyaje?

Tulipomaliza, Mama Anjela jirani yangu akanishika mkono. "Dada, ni kweli? Sisi hatuji tukidhani mgonjwa anataka kupumzika."

Hapo ndipo nilipaswa kusema ukweli. Nikacheka. "Aah, huyo mtoto anatania bwana!"

Nao wakacheka, wakajitanda kanga zao, wakaenda.

Neema akanitazama. "Mama, mbona tumeomba halafu umekataa?"

Nikachukua simu, ndiyo haya ninayoandika humu.

Mama Anjela, najua humu huwa unapita. Mtoto hakutania. Njoo kesho, hata kama huna shida ya kukuleta. Na ninyi wengine karibuni, chai ipo. Neema akilala mchana, nyumba hii inakuwa kimya mno.