Koti la Ta Kaiza

Hapana, sikusoma, msinitazame hivyo. Kile kitabu cha picha nilikitazama tu, na kutazama kulinitosha. Kaka yangu Deo, aliyekuwa anauza dukani kule Miembeni, ndiye alikileta nyumbani Ijumbi. Akawa anatusomea jikoni ndizi zikichemka, sauti kaikaza kama mkuu wa wilaya: "Msiogope, wananchi! Nimekuja kuwaokoa!"

Kumbe shujaa mwenyewe ndiye mwizi. Anajigeuza. Leo polisi, kesho kikongwe, keshokutwa padri. Anaiba, halafu anarudi anaruka hewani na joho lake, eti anamtafuta aliyeiba. Na watu wanampigia makofi! Bibi yangu alikuwa pembeni anatafuna punje zake za kahawa, akauliza, "Huyo mtu wenu sura anabadili, nguo mbona ni ile ile?" Deo akacheka. "Bibi nawe! Hadithi tu hiyo."

Basi tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Katekista akikohoa, namchungulia. Paka akiingia, namuuliza, "Wewe nani?" Hata bibi nilimvuta sikio nione kama litabanduka. Nikapigwa kofi la kweli, nikajua ni yeye.

Ilikuwa ile miaka ya ujamaa, mmeisahau? Kahawa ya shamba la kijiji tunaianika pamoja uwanjani, na kila tukiianika inapungua. Enzi zetu enduru ikipigwa, lile yowe la kuita watu, unaacha chakula mdomoni unakimbia. Asiyekuja ndiye mwizi, hakuna mjadala. Na wa kwanza kufika siku zote ni mzee mmoja, Ta Kaiza, na koti lake refu zito, jua liwe kali vipi. "Nipo! Nipo hapa! Kapita huku!" Tulimpenda huyo. Kina mama walimwekea senene wa kukaanga.

Siku moja enduru ikalia baba yuko ndani ya mtumbwi wa kukamulia, anakanyaga ndizi za pombe ya rubisi. Akafika wa mwisho, maji ya ndizi hadi magotini, nyasi zimemganda. Ta Kaiza akamnyooshea kidole, akaongelea puani: "Tulikuwa wapi, mzee mwenzangu?" Mama akashika kifua, maana alijua: aliyeiba kahawa ya wote hapewi moto wa kuwashia, haalikwi msibani, binti zake hawaposwi. Na binti nilikuwa mimi.

"Mkagueni!" Ta Kaiza akaruka mbele ya baba kishujaa. Alipotua, punje za kahawa zikadondoka kutoka kwenye pindo la koti. Chwaa! Wanaume wote wakatazama juu, kama wanatafuta mvua. Nani amwambie shujaa?

Siku hizi wajukuu zangu wananionyesha mashujaa wao kwenye simu, kila wiki mpya, wanawapigia makofi bila hata kuwatazama mapindo. Wenye macho ya kutazama wameisha, wamebaki wenye vidole. Nawauliza, bibi wa kwenu huko kwenye simu mmemweka wapi? Wetu siku ile alikuwepo. Alitema kahawa yake, akasogea taratibu mpaka wakatazamana uso kwa uso, na bila hata kumpa heshima ya kumwita Ta akasema, "Kaiza, vua koti."