Shikamoo Niliyompa Rubani

Kwa mama yangu kosa lisilosameheka lilikuwa moja tu: kumpita mtu bila kumsalimia. Pale kwetu Lufingo ungeweza kurudi na sare iliyochanika, akanyamaza. Lakini akisikia umempita mzee njiani kimya kimya, utakiona. "Salamu kwanza," alisema. "Shida haikimbii."

Basi mimi nawaambia, shida hukimbia. Nimeiona kwa macho yangu.

Nilikuwa askari wa miguu, nimepelekwa nchi jirani kulinda raia. Asubuhi hiyo tulikuwa wanane juu ya kilima, waasi wametuzingira pande tatu, risasi zinatuishia. Koplo wetu alikuwa amepigwa pajani, nami nimembana jeraha kwa goti damu isizidi kutoka. Mshika redio, naye kaumia bega, akanisukumia redio yake. "Helikopta iko juu. Ongea wewe!"

Nikasikia sauti ya mwanamke, imetulia kama ya mtu anayechambua mchele. "Taja ulipo."

Jamani! Ulimi ukasema wenyewe: "Shikamoo, mama."

Wenzangu wakanikodolea macho. Koplo, na maumivu yake yote, alinitukana tusi ambalo siliandiki hapa.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu. "Haya, sasa taja ulipo."

Ajabu, sauti ikanitulia. Nikamsomea namba za ramani. Akasema ukungu umemziba, haoni kilima wala bonde, na mafuta hayamruhusu kusubiri sana. Koplo alikuwa ameanza kusinzia. Niliogopa, siwadanganyi.

Nikatazama bondeni. Kwetu Lufingo ukungu ndio ulionilea. Nimekwenda nao shule miaka saba. Huku juu ulikuwa bado mzito, ila kule chini, kandokando ya mto, umeshaanza kuachia.

"Mama, usije kwa juu," nikasema. "Shuka ufuate mto, chini kweupe. Tutawasha moshi mkono wako wa kushoto."

Angeweza kukataa. Kuingiza helikopta katikati ya vilima, chini ya ukungu, kwa neno la askari asiyemjua, tena anayeamkia watu vitani!

"Nakuja," akasema.

Helikopta ikatokea chini, chini kabisa. Waasi wakaigeuzia bunduki zote, yeye hakukengeuka. Akapiga ile miti walimojificha, akazunguka, akarudi, akarudi tena, mpaka kukawa kimya. Kisha akatua kwenye nyasi, ubavu wa helikopta umetobolewa matundu, tukampakia koplo.

Siku tatu baadaye nilikwenda kumwona koplo hospitalini. Nilimkuta amekaa kitandani, anakula ndizi, hana adabu hata kidogo. Pembeni yake alisimama binti mwembamba mwenye ovaroli ya marubani.

"Mama yako huyo," koplo akasema, akicheka mpaka akashika paja.

Binti wa miaka ishirini na kitu! Mimi nilikuwa naikaribia arobaini. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakinigongana mdomoni.

"Sauti yako ilikuwa inatetemeka," akanikatiza. "Nikaona bora niitikie." Kisha akainamisha kichwa, kama wasichana wa kwetu walivyofunzwa. "Shikamoo, kaka. Naomba nikurudishie, ile haikuwa yangu."

Mama angenichapa siku hiyo, maana nilishindwa kuitikia. Nilisimama pale nalia mbele za watu, na koplo, mzima, mdomo umejaa ndizi, ananifokea: "Itikia basi, bwana, umesalimiwa!"