Ile bar ya njano kwenye email nusura itugawanye kabla ya kumzika Mzee

Wakuu, sasa.

Leo sijakuja na utani. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na nimebadilisha majina tu kwa sababu najua kuna watu wetu wanasoma humu kimya kimya. Mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Kama unatumia programu ya email ya ku-install kwa kompyuta, na umewahi kuandika message ukaona box tupu mahali picha inafaa kuwa, kaa hapa. Kama hujawahi, kaa tu. Hii si story ya kompyuta peke yake.

Baba yangu alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ni yetu, hapa nyuma ya Dagoretti Corner. Ya pili ni ya Mama Wambui. Tulikua tukijuana kwa mbali na watoto wa huko, tunasalimiana kwa harusi na matanga, basi.

Lakini Mzee alipolazwa, mimi na Wambui, binti wa nyumba ya pili, tukaanza kupatana kwa ward. Yeye ameleta uji, mimi nimeleta gazeti. Siku moja Mzee akatushika mikono sote wawili, akasema hataki kuzikwa na nusu ya watoto wake. Alisema hivyo tu, akageuka akalala.

Kwa hivyo alipotuacha, kamati ya mazishi ilikaa kwetu na nyumba zote mbili zikawa ndani. Tukakubaliana kila kitu bila kelele, mpaka majirani wakashangaa. Na kile kitabu cha eulogy, kile cha picha za rangi kinachogawanywa kanisani, kingekuwa na kurasa sawa kwa nyumba zote.

Nani aandae kitabu? Mimi. Nafanya kazi ofisini town, na kwa familia yetu mtu akishakaa karibu na printer basi ni engineer.

Watu wa Nairobi mnajua hicho kitabu si mchezo. Chakula kikichelewa watu watasamehe. Maiki ikikwaruza watu watasamehe. Lakini picha yako ikikosa kwenye eulogy, hilo litasemwa mpaka kwa wajukuu.

Kamati ikatoa masharti. Draft itumwe kwa email ili hata wale wa majuu waone, na picha ziwe ndani ya message yenyewe, si attachment. Wazee wetu hawafungui attachment. Baba mdogo aliwahi kufungua moja simu ikazima palepale, na tangu siku hiyo anaziogopa.

Picha za upande wetu nilikuwa nazo kwa kompyuta, nilizi-scan mwenyewe kutoka albamu ya Mama. Wambui akanitumia zao kwa email. Alikuwa amezi-copy kutoka albamu yake ya mtandaoni. Nikabonyeza Show Images, zikafunguka vizuri kabisa.

Kulikuwa na moja sikuwahi kuiona maishani. Mzee ameketi kwa ngazi ya jikoni ya Mama Wambui, amejifunga apron ya maua, anamenya viazi, na anacheka mpaka macho yamefumba.

Baba yangu! Kwetu hakuwahi kuosha hata kikombe chake. Niliumia kidogo, nisiwadanganye, lakini niliipenda hiyo picha kuliko zote. Nikaamua itakaa ukurasa wa katikati.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inaanzia.

Ofisini kuna jamaa wa IT, tumwite Kevo. Kuna wakati mtu wa accounts alibonyeza kitu kwa email, kompyuta za ofisi nzima zikalala. Kevo akatuita boardroom akatupa amri. "Mkiona hiyo bar ya njano kwa email, funga. Usisome, usibonyeze, we funga tu."

Tukazoea. Mimi hiyo bar, ule mstari wa onyo unaotokea kwa message, nilikuwa naifunga bila hata kuiangalia, vile mtu anafukuza nzi kwa sahani.

Basi nika-copy picha za Wambui kutoka kwa email yake, nikazi-paste kwa message yangu mpya, nikaandika maneno chini ya kila moja. Badala ya picha zikaja box nyeupe. Bar ya njano ikatokea. Nikaifunga.

Box tupu niliziona, sikatai. Lakini sikushtuka, kwa sababu hata email zinazoingia huwa na box tupu mpaka ubonyeze Show Images. Nikajiambia watakaopokea watabonyeza, zitafunguka. Nikatuma Ijumaa jioni nikatoka town roho imetulia.

Nilikuwa bado sijafika nyumbani group ya familia ikawaka.

Picha zetu zote zilikuwa zimefika, safi, Mzee na Mama, Mzee na sisi, Mzee na ng'ombe. Halafu kurasa za kina Wambui, box nyeupe. Chini ya box imeandikwa "Mzee na Mama Wambui". Box nyingine, "Mzee na wajukuu". Hata ng'ombe wetu alikuwa kwenye kitabu, na mama wa watu hayuko.

Wambui alitoka tu kwa group.

Ndugu yake Kamau ndiye alinipigia. "Brathe, si ungesema tu hamtutaki? Mlikaa na sisi mkikula chapati, kumbe mko na plan yenu?"

Nikamwambia sielewi, wacha niangalie. Akacheka kile kicheko kisicho na furaha. "Angalia. Sisi tunaangalia lawyer. Mzee haendi popote mpaka hii kitu ieleweke."

Wakuu, mnajua maana ya hayo maneno. Tumeona familia zinasimamishiwa mazishi na korti, maiti inakaa baridi mpaka watoto wanazeeka wakibishana. Na huyu ni mtu aliyeomba kitu kimoja tu.

Nikafungua Sent. Box tupu. Nikafungua email ya Wambui. Picha ziko.

Halafu simu ikalia tena. Shangazi, dada mkubwa wa Mzee. Nikajua sasa natukanwa na upande wetu pia.

"Kijana yangu," akasema, "hiyo kazi umefanya ni ya mwanaume. Mimi nilinyamaza kwa kamati juu ya heshima. Lakini hao kuingia kwa kitabu ya ndugu yangu? Umewapea pahali yao."

Nikamwambia, "Shangazi, ni makosa ya kompyuta."

Akacheka. "Eeh, sema hivyo hivyo. Usibadilishe."

Hapo damu ilinipanda. Huyu mama alikuwa akishikana mikono na Mama Wambui tukifunga kamati kwa maombi! Na hakuwa peke yake. Binamu fulani alinitumia kidole gumba inbox, bila maneno. Yaani nilikuwa nimekosea kwa bahati mbaya, na watu wangu mwenyewe wananipa hongera kwa dhambi ambayo sikuifanya.

Wikendi ilipita sijui vipi. Jumatatu nilikuwa kwa dawati la Kevo kabla hajavua koti.

Nikamwonyesha. Akaangalia akitafuna mandazi. "System iko poa. Hiyo ni user error."

"User error gani na mimi nimefanya vile ulisema?"

Akaingia settings, akaweka tiki mahali pa kuruhusu picha za kutoka mtandaoni, akaongeza address ya Wambui kwa orodha ya watu wa kuaminiwa. "Jaribu sasa," akasema, akarudi kwa mandazi yake.

Nikajaribu. Box tupu.

"Basi hizo picha ziko na shida," akasema. "Ambia huyo mtu atume zingine."

Nimwambie mtu ambaye amenitoa maishani mwake anitumie picha zingine! Nilitoka hapo kabla sijasema maneno ya kuitwa HR.

Nikarudi kwa mashine yangu nikafanya kitu ambacho sikuwa nimefanya hata mara moja tangu ile siku ya boardroom. Nili-paste picha ya viazi, bar ya njano ikatokea, na nikaisoma.

Wakuu, ilikuwa imeandika wazi kabisa. Kwamba programu imezuia faili isiingie kwenye message hii, na kama unataka iende pamoja na message, uifungulie. Pembeni kuna kitufe cha Unblock. Basi! Muda wote ilikuwa inaniambia, na mimi nilikuwa naifunga mdomo kwa amri ya Kevo.

Nikabonyeza Unblock. Mzee akatokea na apron yake.

Niwaeleze vile nilikuja kuelewa. Picha za Wambui hazikuwa ndani ya email yake hasa. Zilikuwa zinavutwa kutoka kwa ile albamu ya mtandaoni kila nikiifungua. Zetu zilitoka kwa kompyuta yangu, kwa hivyo ziliingia bila maswali. Na ile setting ya Kevo ni ya kusoma email zinazokuja. Wakati wa kuandika, programu ina ulinzi wake mwingine, na huo unaufungua hapo kwa bar. Ndiyo maana picha zetu zilipita na zao zikabaki nje, kama kwamba mtu alikaa akachagua.

Nikaomba ruhusa, nikabeba laptop, nikaenda Lavington.

Wambui ameolewa huko, mahali pa kuta ndefu na ua wa miti uliokatwa vizuri. Soja wa getini akaenda kuuliza, akarudi ananionea huruma. "Boss, madam amesema hapana."

Nikasema sawa, nitasimama hapa nje. Nikasimama. Mvua ikaanza ikaacha. Mwishowe geti likafunguka, gari lake linatoka, akaniona nimekumbatia laptop ndani ya koti. Akasimamisha gari lakini hakufungua mlango.

"Unataka nini?"

"Nataka ubonyeze kitu kimoja. Usiponiamini nitaenda."

Akashuka. Nikaweka laptop juu ya bonnet, nikawasha hotspot, nikafungua message mpya, nika-paste zile picha zake mbele ya macho yake. Box tupu zikapangana. Bar ya njano ikatokea.

"Soma hapo," nikamwambia.

Alisoma polepole. Akabonyeza Unblock yeye mwenyewe. Mzee akatokea anacheka na viazi vyake.

Nikaona amefunika mdomo na mkono.

"So ilikuwa tu mashine?"

"Ilikuwa mashine. Na mimi kutoangalia. Haki ya Mungu, Wambui."

Akatikisa kichwa. Halafu akaniangalia machoni. "Sawa. Na wale walifurahi? Hao pia ni mashine?"

Kumbe maneno ya Shangazi yalikuwa yamemfikia. Nilifunga laptop nikamwambia arudi kwa kamati, na jibu atalisikia huko.

Kamati ilipokaa, nilisimama nikaeleza yote, bar, box, Unblock. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Halafu nikasema nilipigiwa simu ya hongera na mtu aliyeomba pamoja nasi katika chumba hiki hiki, na kwamba mtu huyo akitaka kitabu cha nusu ya familia, atafute mwandishi mwingine na marehemu mwingine. Sikutaja jina. Kila mtu alikuwa ananiangalia isipokuwa mmoja, aliyekuwa anaangalia chai yake.

Kamau aliacha mambo ya lawyer. Mzee alizikwa siku iliyopangwa, na watoto wote.

Lakini ngojeni. Kwetu eulogy husomwa na dada mkubwa wa marehemu, kwa hivyo ni Shangazi aliyepanda mbele na kitabu changu mkononi. Nilikuwa nimekaza meno. Akasoma nyumba ya kwanza vizuri. Akafungua ukurasa wa katikati, akaikazia macho ile picha.

Kanisa likangoja. Mchungaji akakohoa.

Shangazi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akasema kwa maiki, "Huyu ndugu yangu... sikuwahi kujua anajua kumenya viazi."

Watu walicheka. Mama Wambui alicheka mpaka akalia, na Mama yangu, aliyekuwa ameketi kando yake, akampa leso. Shangazi akaendelea kusoma, majina yote, hakuruka hata moja.

Sijamsamehe bado, nitakuwa muongo nikisema nimemsamehe. Lakini namsalimia.

Sasa funzo, msije mkasema nimewapotezea data. Ukiandika email na picha imekuwa box tupu, usitume. Soma bar, bonyeza Unblock kwa kila picha. Njia salama zaidi, hifadhi picha kwa kompyuta yako kwanza, halafu uiingize kwa Insert, Image, badala ya ku-copy kutoka kwa email ya mtu. Kisha jitumie mwenyewe na uifungue kwa simu kabla ya kuituma kwa ukoo mzima.

Na Kevo? Alitutumia memo ofisi yote akitukumbusha "kusoma notifications kwa makini". Hakuomba msamaha, na mandazi anakula vile vile.

Karibuni mseme. Waliokwama na box tupu waulize, nitawajibu. Lakini lile swali la Wambui la pale getini, kama wale waliofurahi pia ni mashine, hata baada ya kamati bado sijalijibu, na nimeshafungua kila kitu ambacho Unblock inafungua.