Dada Koku alivyonifundisha kupanga taa za stage kwa grupu, Bukoba

Wakuu, heshima kwenu. Hili lilinikuta mwenyewe, sina sababu ya kutia chumvi.

Ilikuwa ile miaka ambayo Kagera tulizika karibu kila wiki. Nilikuwa fundi redio pale mtaa wa Bakoba, Bukoba mjini.

Kikaja kikundi cha maigizo ya kuelimisha kuhusu UKIMWI, kimebeba kitu sijawahi kuona: taa nane zinazogeuza vichwa zenyewe!

Aliyeziendesha ni dada wa Kihaya, Koku. Kazi aliisomea Kampala. Alikuwa anaumwa na hakuficha. Kusimama kulimshinda, akataka fundi wa kubonyeza console, ile meza ya vitufe vya kuongozea taa, huku yeye ameketi.

Nikaanza kugeuza taa moja moja. Saa nzima, hata scene moja haijaisha.

"Waitu, ndugu yangu, hivyo tutamaliza Krismasi," akacheka. "Zipange kwa grupu, ziende pamoja kwa kitufe kimoja."

Nikaweka zote nane grupu moja, nikageuza. Nne zikaja kwa waigizaji, nne zikaenda ukutani. Kwa nini?

"Hizo zimefungwa zimegeukia upande mwingine," akasema. "Za kushoto grupu lake, za kulia lake."

Aisee, nilichezea vile vitufe kama mtoto!

Kila grupu nikalielekeza mahali jukwaani, nikahifadhi kwa jina: "kiti", "mlango". Scene zote tukazijenga kwa majina hayo.

Wiki iliyofuata tukaenda Muleba. Ukumbi mdogo, jukwaa fupi, mwanga wote unapiga pembeni. Koku amelala kwenye gari, homa imempanda. Watu wameshajaa.



Nikaita grupu la kushoto, nikalisogeza hadi kwenye kiti, nikahifadhi upya kwa jina lile lile. Kulia vivyo hivyo. Halafu "mlango". Scene zote zikafuata, maana zilijengwa kwa majina hayo, sikurudia hata moja!

Pale mama wa kwenye igizo alipowaambia wanawe kwamba ana virusi, taa nane zikakutana usoni mwake. Ukumbi mzima ukamkazia macho.

Nikageuka. Koku alikuwa amesimama ameegemea mlango, anatazama watu.

"Dada, huangalii taa?"

"Hata wao hawaziangalii. Umepatia."

Alifariki kabla dawa hazijafika kwetu. Kazi hiyo ya taa ndiyo imenilea mpaka leo.

Funzo langu: kabla hujagusa kitufe, jua taa zipi zinakwenda pamoja, na zimefungwaje.

Nyie mnaoshika console za kisasa, magrupu mnayapangaje? Kwa upande au kwa aina ya taa? Bado nina hamu ya kujua.