Yatima Mwenye Mkono Begani

Nilifiwa na mama yangu kwenye mtandao nikiwa na miaka tisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyesaini ruhusa.

Vita vilikuwa vimeikata nchi vipande viwili. Mama na mimi tulikuwa Bukavu, mtaa wa Nyalukemba. Papa, baba yangu, alikuwa amekwenda Kinshasa kikazi kwa wiki mbili, akakwama upande wa pili, na wiki zikawa miaka. Barua zilipita kwa bahati tu. Basi shirika moja la misaada likaja shuleni kwetu kupiga watoto picha, na kila mzazi akaitwa asaini karatasi. Mama alikuwa mwalimu, na karatasi ya Kifaransa yenye mhuri ilimpendeza kama kitenge kipya. Alisaini kwa madaha, akachora mkia mrefu chini ya jina lake. Hakuuliza picha itaandikwa nini.

Alinivalisha gauni langu jeupe la komunyo. Mpiga picha alilitazama kwa masikitiko, akaomba nivue walau viatu, soksi na utepe wa kichwani, na niache kucheka. Mama akanishika bega, akaniambia nisiwaaibishe wageni.

Miezi miwili baadaye simu ya jirani ililia. Alikuwa tantine, dada yake mama aliyeishi Ulaya, anabubujikwa na machozi. Ameiona picha yangu, na chini yake imeandikwa kwamba wazazi wangu wote wawili wameuawa. Ameshaomba misa.

"Nani alizika dada yangu?" aliuliza.

"Hajazikwa," mama akamjibu, mikono ikinuka kisamvu. "Iko anapika sombe. Ni miye."

Nilicheka mpaka nikachapwa. Mama hakuona la kuchekesha, kwa sababu kule Kinshasa Papa naye alikuwa na mtandao kazini.

"Papa yako akiona hii, atalia siku tatu," alisema. "Siku ya ine ataoa."

Kesho yake tukaenda ofisini kwa lile shirika. Bwana aliyetupokea alikuwa mpole, upole ule wa kukera. Alituonyesha picha kwenye kompyuta. Walikuwa wamemkata mama, wakausahau mkono wake begani kwangu, pamoja na saa aliyoivaa. Mama akataka iondolewe, naye akafungua faili.

"Maman, kutoa picha inaomba ruhusa ya muzazi."

"Muzazi ni miye."

"Hapa mutoto huyu iko yatima. Hana muzazi."

"Na sinyature hii iko ya nani?" Mama akagusa ule mkia mrefu kwa kidole.

Bwana akaitazama sinyature, akamtazama mama, akaamua kuliamini faili. Lakini alikuwa na huruma zake: akapendekeza mama asaini kama mlezi wangu. Hivyo mama yangu, aliyenizaa kwa siku mbili za uchungu na hakuacha kunikumbusha, akajiandika mlezi wa mtoto wake. Safari hii hakuchora mkia. Njiani alinibana mkono hadi ukauma. Niliwachukia watu wale, na bado nawachukia.

Picha ikaondolewa. Njia zilipofunguka Papa akarudi, peke yake, ile picha ikiwa ndani ya pochi yake, imechapishwa kwenye karatasi na kukunjwa mara nne. Alikuwa ameiona kabla haijaondolewa.

Mama aliishika kwa ncha za vidole. "Na uliamini nilikufa?"

"Niliona mukono pa bega ya mutoto," Papa akasema. "Ile saa ni miye nilikupatia."

Ofisi nzima, na mihuri yake yote, haikuwa imeuona mkono huo. Mama alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu vita vianze. Kisha akamtazama Papa vizuri.

"Na kama siku ile sikuvaa saa?"

Papa akauliza kama kuna sombe.