Udi wa Bimdogo na Ekzosi ya Tony

Bimdogo wa Zanzibar hakuwa mtu wa kusamehe, na Waswahili wote wa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika katika mji wa Kichina, walilijua hilo. Tena nguo zake hazivaliki mpaka zifukizwe udi, hata safari ikiwa ya Xintang tu, kukagua jeans viwandani.

Siku Chausiku, binti wa dada yake, alipozimia kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, Tony mwenye gari hakusita. Akawaambia abiria ni udi wa mama huyu, unawakaba watu pumzi. Wakamwamini. Hata Bimdogo aliamini. Alikaa hospitalini kando ya binti asiyefumbua macho, akikilaani chetezo chake.

Mpaka daktari aliposema ni sumu ya moshi wa gari. Hapo Bimdogo akakumbuka vichwa vilivyowagonga kila vioo vikifungwa, vikapoa wakishuka, na ule mlio wa pu-pu-pu chini ya kiti injini ikiwa baridi. Akamwendea Athanase, Mkongo anayesafirisha injini. Athanase akamwambia huenda ekzosi imetoboka. Sumu yenyewe haina harufu, asingoje pua imwambie. Azibe mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene, na kama kuna tundu, moshi utatokea hapo kwenye tundu.

Mvumilivu hula mbivu, na Bimdogo alizitaka mbivu hasa. Alingoja Tony ajaze abiria mbele ya hoteli, akaja hana hata chembe ya udi, kitambaa mkononi. Injini ilikuwa inanguruma. Akainama nyuma ya gari, akaziba. Chini ya kiti pakalia mluzi, na moshi ukafuka sakafuni hadi miguuni mwa watu. Walishuka wakisukumana, na raha aliyoipata Bimdogo hakuificha.

Tony akamvuta kando. "Meiyou, hakuna shida, mama, naipeleka kuchomelewa leo leo. Nisitiri."

"Sema kwanza mbele yao."

Akasema, macho chini: haukuwa udi, na tundu hilo alilijua tangu Ramadhani. Bimdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, mpole kama anayepokea posa. Kisha akajifunga mtandio wake vizuri.

"La udi nimekusamehe," alisema. "La Chausiku kamwombe mwenyewe, akiamka."